Tuta Lililolala

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa usafi. Nilichimba, nikachambua na kulainisha tuta ambalo nilishaambiwa limelala, kwa sababu huko nilikozaliwa mimi, aliyelala ni marehemu.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki kitaluni. Siku mliyoniaga mlinipa jembe jipya na keki, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu kwa nini kila tuta tupu nalichomekea kijiti. Nilicheka nikasema ni mazoea ya wazee. Halikuwa jibu la kweli. Jibu la kweli ni refu kidogo, na linapitia Bunda.

Nilianza kazi miaka ile ya shida, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na dizeli ikipatikana leo hujui ya kesho. Kitalu chetu kilikuwa njia ya kwenda Makoko, karibu sana na ziwa, kiasi kwamba upepo wa mchana uliilaza miche yote upande mmoja kama watu wanaosikiliza redio ya jirani. Viriba vya plastiki mnavyovitupa ovyo siku hizi tulikuwa tunavisikia tu. Tuliotesha miche kwenye makopo, kwenye maganda ya mgomba yaliyoviringishwa, na kwenye chochote chenye uwezo wa kushika udongo. Upo mjohoro mmoja mkubwa mjini Musoma, watu wanapumzika chini yake, ambao ulianza maisha ndani ya buti la mvua la mguu wa kushoto.

Sikuwa nimesomea kazi hii. Nilimaliza la saba kijijini kwetu Majita, nikabaki nyumbani nikijisomea kitabu cha kilimo kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilijua mambo mengi kuanzia katikati. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Natembea hadi karibu na nyumbani, kisha narudi kitaluni kuhakikisha nimefunga bomba. Mfukoni nilikuwa na kamba yangu ya kunyooshea mistari, na nilipoona kopo moja limetoka nje ya mstari sikuweza kula. Mche ukifa, nilijiona kama mtu anayetafutwa na polisi. Wenzangu walidhani ni bidii. Ilikuwa ni hofu: niliamini kwamba siku moja atatokea mtu aseme, huyu hajasomea, mtoeni.

Msimamizi wetu aliitwa Mama Nyangeta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti la kiume juu ya kanga, na sauti iliyofika kona zote za kitalu bila yeye kuinuka. Siku yangu ya kwanza alinipa chekeche, akanionyesha rundo la udongo akasema, "Chekecha mpaka nikwambie basi," kisha akaitwa ofisini akanisahau. Aliporudi nilikuwa nimemaliza rundo langu, rundo la pili, na nimeanza kuchekecha kokoto.

"Wewe mtoto wa Majita," akasema, "nimekuambia uchekeche, sikukuambia uhamishe mlima. Sasa kokoto za kuweka chini ya makopo nitazitoa wapi?"

Ndivyo alivyofundisha. Hakusifu. Alishika mkono wako akaufumbia udongo ndani, akakwambia fungua. Udongo ukibaki umeshikana, maji yanatosha, ukimong'onyoka, mwagilia. Alinifundisha kumwagilia kwa sikio, maana udongo ulioshiba hubadilisha mlio wa matone. Hayo mnayajua, mlinisikia nikiyarudia mpaka mkachoka.

Nyuma kabisa ya kitalu, chini ya mkuyu, kulikuwa na tuta la Mama Nyangeta mwenyewe. Halikuwa kwenye hesabu ya kazi. Alipanda maua ya msituni aliyoyatoa kwao, kwenye mlima mmoja njia ya kutoka Butiama kwenda Buhemba, ambako kulikuwa na kichaka kizito katikati ya mawe. Ua lenyewe lina kitunguu chini ya ardhi. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, shina linatoka peke yake, bila jani, kisha linafunguka kuwa mpira mmoja mwekundu wa vijiua vingi vyembamba kama nyuzi. Majani yanafuata baadaye. Kiangazi kikifika, yote yananyauka na kupotea, usione kitu. Linapenda kivuli na majani yaliyooza. Sikupata kusikia jina moja linalokubaliwa na wote. Mama Nyangeta alisema, "Sisi tuliliitaga ua la mvua," na sisi kitaluni tukafuata hivyo.

Aliniambia pia kwa nini ameyaleta. Kile kichaka kilikuwa kinakwisha. Wachoma mkaa walikuwa upande mmoja, na upande wa pili wachimba dhahabu wa Buhemba walikuwa wanakata magogo ya kuegemezea kuta za mashimo. "Nikienda mwaka mwingine nitakuta mawe," alisema. "Haya ndiyo yaliyobaki ya kwetu."

Mimi nilipofika vuli ilikuwa imepita. Niliyaona majani tu, mapana na ya kijani, na baada ya masika nikayaona yanageuka njano. Nilidhani ni mimi. Nitasema ukweli wote: nilianza kuyamwagilia kwa siri, asubuhi kabla hajafika, na kadiri nilivyomwagilia ndivyo yalivyozidi kunyauka. Mwisho likabaki tuta tupu. Sikulala vizuri wiki hizo.

Basi kiangazi kile Mama Nyangeta akapata msiba Butiama. Alikuwa anaondoka, kikapu mkononi, akageukia getini.

"Magesa! Lile tuta la mkuyuni limelala. Achana nalo."

Nikaitika, "Ndiyo, Mama," na moyo ukashuka hadi kwenye ndala. Kwetu huwezi kusema baba wa mtu amekufa. Hiyo ni lugha ya kusemea kuku. Unasema amelala. Mwinjilisti wetu alisema amelala, mama yangu alisema amelala. Kwa hiyo nilielewa kwamba mama yule, kwa heshima yake na akiwa na msiba wake, ananipa taarifa ya kifo kwa lugha ya upole: maua yangu umeyaua, usihangaike nayo tena. Na bwana miti, mkubwa wetu wa misitu, alikuwa anakuja kukagua wiki ileile. Nikaona jambo la kiungwana ni kusafisha.

Nilichukua jembe. Vitunguu vilitoka vikubwa, vizito, vigumu, vyeupe ndani pale jembe lilipokwaruza. Nilishangaa kidogo jinsi marehemu walivyonona. Lakini nilikuwa na mstari wa kunyoosha. Nilivijaza kwenye debe nikaliweka getini, nikachekecha udongo wa tuta lote, nikavuta kamba, nikapiga reki. Nawaambia, sijawahi kutengeneza tuta zuri kama lile.

Mlinzi wetu alikuwa Wambura, mtu mrefu, mwenye utani, aliyemwita kila mwanamume mura, yaani kijana kwa Kikurya, hata bwana miti. Aliangalia ndani ya debe.

"Mura, vitunguu vyote hivi unatupa?"

"Vimekufa hivyo."

"Kitunguu kinakufaje? Wewe umesoma sana." Wakati ule kitunguu sokoni kilikuwa kama habari ya mbali. "Basi mimi nitavizika nyumbani kwangu."

Alivibeba, na kesho yake akarudisha debe limeoshwa. Nilifurahia sana lile debe safi.

Mama Nyangeta alirudi kutoka Butiama na bila kusalimia mtu akapita moja kwa moja hadi mkuyuni. Nilimfuata, nikingoja aseme neno juu ya mistari yangu. Alitazama tuta lote, mwanzo hadi mwisho.

"Vitunguu vyangu viko wapi?"

"Mama, si ulisema vimelala?"

"Vimelala! Sikusema vimekufa!"

"Kwetu aliyelala..."

"Kwenu!" Akajishika kiuno. "Magesa, mtu akilala usiku unamchimba? Haya, umevitupa wapi nivifuate?"

Nilimwita Wambura. Alikuja anatabasamu, akidhani anashukuriwa kwa debe. Akaeleza kwamba hakuvila. Alikuwa amempa mke wake, Bhoke, aende navyo Bunda kwa dada yake aliyejifungua juzi. Mzazi anahitaji supu, na supu bila kitunguu ni maji ya moto. Bhoke aliondoka asubuhi ya siku hiyohiyo.

Nilimwona Mama Nyangeta akikaa chini kwenye tuta langu lililonyooka, akaliharibu, na mimi nikaelewa kuwa kuna jambo kubwa kuliko mistari.

"Hivyo ni sumu," alisema polepole. "Kwetu hata mbuzi anavikwepa. Mjomba wangu alipoteza ndama kwa kimoja tu. Na mzazi, na mtoto ananyonya." Akaniangalia. "Safari hii, Magesa, hakuna kulala. Ni kufa."

Simu ya posta ingeita Bunda nzima bila kumfikia mke wa mtu aliye jikoni. Tulikimbia hadi barabara kuu. Ulikuwa msimu wa pamba, na lori moja lilikuwa linarudi Bunda na magunia matupu. Dereva alisema hachukui abiria. Mama Nyangeta alifungua mlango wa mbele akaketi, akamwambia, "Mimi siyo abiria. Twende." Wambura na mimi tukapanda nyuma juu ya magunia.

Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka nyuzi za pamba zilizotuganda kwenye jasho, na nakumbuka lori likisimama kupoza injini, na dereva akijinyoosha kama mtu aliyekuja kutembea.  Wambura akasema, bila kunitazama:

"Mura, nitamwambia nini Bhoke? Kwamba nimemtuma kumpelekea dada yake kifo, tena kilichotoka kwenye debe la serikali?"

"Ni kosa langu," nikasema.

"Najua ni lako. Ila shemeji ni wangu."

Nyumba ile ilikuwa nyuma ya soko la Bunda. Tulipoingia uani moshi ulikuwa unatoka jikoni, na harufu ya supu ilikuwa imetufikia njiani. Mama Robi, ndiye huyo mzazi, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kichanga, bakuli mkononi. Bhoke alikuwa ameinama juu ya chungu. Mama Nyangeta hakupiga hodi. Alimpokonya mzazi bakuli, akamwaga supu, akaenda jikoni akakipindua chungu kwa mguu. Nyama, miaka ile! Ilitawanyika kwenye majivu, na mbwa wa jirani walikuwepo kabla haijapoa.

"Wewe mama ni nani?" Mama Robi alipiga kelele. "Shemeji, umeniletea kichaa nyumbani?"

"Umekula?" Mama Nyangeta alikuwa anahema. "Niambie, umekula? Vile vitunguu vya Musoma!"

Mama Robi alimtazama, akatutazama sisi wenye pamba kichwani, akaanza kucheka, kisha akakumbuka supu yake akaacha.

"Vile? Nilikata kimoja hakikunitoa hata chozi. Kitunguu gani hakimlizi mtu? Harufu hakina, na mikono ikaniwasha mpaka nikaoga. Nikamwambia Bhoke, mume wako kadanganywa, haya ni mambo ya maua. Nimevifukia kule nyuma." Akakitazama chungu kilichopinduka. "Hiyo supu mliyomwaga haikuwa na kitunguu chochote."

Wambura alikaa chini palepale, akafunika uso kwa kofia. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, ingawa hakuna aliyekula kitu.

Kabla hatujaondoka Mama Nyangeta alikwenda ulipo ukuta wa nyuma, chini ya mti wa kivuli, akachimbua kwa kidole. Vilikuwepo, vimepandwa ovyo, vingine kichwa chini. Nilitaka kuvitoa vyote. Alinipiga mkono.

"Chukua nusu. Vingine viache, vikisumbuliwa mara mbili vitakasirika. Vimelala." Akaniangalia. "Umenisikia? Vi-me-la-la."

Tulirudi jioni kwa lori jingine, na safari hii alikaa nyuma pamoja nasi. Nilimwambia anifukuze kazi. Nilikuwa nimelipanga lile neno kutoka Bunda, na hata sasa naona aibu kwamba sehemu yangu moja ilitamani akubali, ili ile siku niliyokuwa naiogopa tangu mwanzo ipite niwe nimeimaliza.

"Nikikufukuza nani atanyoosha mistari?" akasema. "Na mimi nilikosea. Mtoto wa Majita unamwambia limelala, unategemea nini? Tena nikaongeza achana nalo." Alitoa unyuzi wa pamba kwenye koti. "Kuanzia kesho, tuta likilala tunachomeka kijiti. Kijiti hakijui Kiswahili."

Mwisho wa mwezi nilipeleka jogoo Bunda kwa ajili ya supu. Mama Robi alimpokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama huyu naye amelala. Nilijua kwamba hadithi imeshazunguka soko zima.

Vuli ile ilinichelewea kuliko zote maishani. Mawingu yalikuja kutoka ziwani yakarudi. Mvua iliponyesha nilikuwa mkuyuni kila asubuhi nimechuchumaa, nikifukua kidogo kwa ukucha nione kama kuna ncha. Mama Nyangeta alinikuta.

"Usivichungulie. Hata mimi ningekuwa kitunguu nisingetoka na mtu ananikodolea macho hivyo."

Niliacha, kwa shida. Kisha asubuhi moja ya udongo mbichi, nikiwa nasukuma toroli, niliona nyekundu chini ya mkuyu. Siwezi kuwaelezea rangi ile, mmeiona wenyewe. Hakuna hata moja lililochipua kwa kufuata mstari. Moja lilitokea katikati kabisa ya njia ya toroli. Nilisimama nikaliangalia, nikatoa kamba mfukoni, nikapima, nikahamisha njia. Mama Nyangeta aliona, na hiyo ndiyo siku ya pekee aliyonipa sifa. Alisema, "Haya."

Miaka ilivyokwenda, shida ikalegea na maduka yakafunguka. Sabuni zikawa za kuchagua. Viriba vikaja kwa marobota, mpira wa kumwagilia ukaja, mitumba ikaja, na pamoja na hayo yote yakaja maua ya plastiki. Harusi zilizokuwa zikituomba majani na maua ya kupamba ukumbi zikaacha kuja. Kanisani vyombo vya maua vikajaa waridi zisizohitaji maji. Mama Nyangeta alinunua moja, akaligeuzageuza, akalinusa. "Halilali hili," alisema. "Sasa utajuaje kama ni zima?" Akalitundika mlangoni pa stoo, na lilikaa pale mpaka jua likalifanya jeupe.

Kisha watu wakapunguzwa kazini, naye akiwemo, na nusu ya kitalu ikakatwa viwanja. Mkuyu ulikuwa upande uliokatwa. Ilifanyika kiangazi, nikiwa nyumbani na homa, na hapakuwa na cha kuonekana juu ya ardhi ila vijiti vyangu. Niliporudi nilivikuta vimefungwa kamba ya fundi, vinatumika kupimia msingi wa ghala. Vilikuwa vimenyooka vizuri sana.

Nilimfuata Mama Nyangeta kwake. Hakulaumu mtu. Tulikwenda pamoja hadi ule mlima wa njia ya Buhemba, yeye anatembea kwa fimbo sasa. Tulikuta mashimo na mawe, kama alivyosema. Alikaa juu ya jiwe moja akavua kiatu, akatoa mchanga kwa utaratibu kama mtu asiye na pa kwenda.

Ni mimi niliyesema Bunda. Hatukuwa na uhakika. Tangu siku ya yule jogoo nilikuwa nimepita pale mara chache, na kamwe si wakati wa vuli. Tulingoja mvua, tukaenda. Mama Robi alikuwa amenenepa, na kile kichanga kilikuwa kinajifunza kuendesha baiskeli uani. Alitupeleka nyuma. Ukuta wote ulikuwa mwekundu kwa chini. Yalikuwa yameshazaliana mpaka kwa jirani.

"Chukueni tu," alisema. "Yamejaa mpaka njia ya chooni. Mbuzi hawayagusi, na mimi sikuwahi kuyawekea hata maji." Kisha akamgeukia Mama Nyangeta. "Ila wewe leo hupiti jikoni."

Mama Nyangeta alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha hakuwa anacheka tena, na Mama Robi akamshika bega.

Msinielewe vibaya. Siwashauri mng'oe matuta ya watu kwa matumaini kwamba yatapona Bunda. Nimeishi na siku ile ya lori kwa muda mrefu, na kila nikinusa supu ya mzazi nauliza kwanza vitunguu vimetoka wapi. Nasema tu ilivyokuwa: maua ya mvua mnayoyaona leo nyuma ya stoo yalitoka kwenye lile debe.

Mama Nyangeta alifariki kiangazi, kwao Butiama. Mwinjilisti alisimama kaburini akasema, "Mama yetu amelala," na mimi nikasikia waziwazi ile sauti ya koti la kiume ikisema, sikusema vimekufa. Nikacheka. Nilicheka mbele ya watu wote, machozi yakitoka, na sikuweza kuacha. Wambura, mzee sasa, alinibana mkono. "Mura, nyamaza," alisema, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika. Baada ya watu kuondoka tulifukia vitunguu upande wa kichwani, nikachomeka kijiti.

Kile kichaka cha mlimani hakipo tena, na kitalu ni nusu ya kile nilichokikuta. Viriba sasa ni vingi. Zamani nikiona ardhi tupu nilichukua jembe. Sasa nauliza kwanza nani amelala hapo.